Nilipeleka Kichwa cha Mbuzi Chuo cha Theolojia

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp Jumatano usiku nikisugua gogo la kukatia nyama. Daktari anayetufundisha alikuwa anauliza kama kuna yeyote kati yetu anayeweza kupata ubongo wa mnyama, maana ule alioahidiwa umekwama. Kundini tulikuwa makasisi, masista watatu, wainjilisti, mzee mmoja wa Akorino, lile kanisa la Kiafrika la wavaa vilemba, na sisi wachungaji wa makanisa ya mabati. Kimya. Nikaandika: "Daktari, wa mbuzi au wa kondoo?"

Basi Alhamisi hiyo nilipanda matatu ya 111 pale Railways, Nairobi, na vichwa viwili vya mbuzi kutoka soko la Kiamaiko ndani ya ndoo ya rangi, kifuniko nimekikaza kwa kamba. Kondakta akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni vifaa vya masomo. Sikusema uongo.

Kozi yenyewe ni ya Alhamisi sita, saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, shilingi 14,500, chai na mandazi ndani yake. Inawafundisha watumishi wa kanisa sayansi, hasa sayansi ya ubongo na neva, pamoja na theolojia, darasa moja, walimu wawili mbele. Jina la chuo nitaliacha, kwa sababu nina lawama na walionifundisha bado ni walimu wangu. Aliye Kayole anajua bucha yangu iliko, aje aniulize.

Nirudi kwenye ndoo. Daktari, mama mmoja mtaratibu ambaye ni bingwa wa magonjwa ya neva, alikuwa amejiandaa na msumeno mdogo. Nikamwomba anipishe. Kichwa cha mbuzi kina mahali pake pa kugonga, nyuma kidogo ya mzizi wa pembe; ukipakosea unavuruga kila kitu, na mteja wa supu hataki vifupa. Mapigo mawili ya shoka, kisu kikapenya, nikabanua. Sista mmoja akapiga ishara ya msalaba. Ubongo ule nao, mzima kabisa, ukakaa kwenye kiganja cha daktari.

Nimeuza ubongo miaka kumi na tisa na nilikuwa sijawahi kuutazama. Alituonyesha mikunjo, ubongo mdogo ulio nyuma unaosaidia mwili usiyumbe, na shina linaloshuka kuelekea uti wa mgongo, ambalo ndilo linaloendesha pumzi zako ukiwa umelala fofofo. Wa binadamu, akasema, una kilo 1.3 hadi 1.4, na kipande hicho hula karibu asilimia 20 ya nguvu ambazo mwili hutumia ukiwa umetulia. Kisha akatuuliza kama tunajua seli zake zilihesabiwaje. Suzana Herculano-Houzel wa Brazil na wenzake walichukua ubongo wa marehemu, wakausaga ndani ya maji ya dawa mpaka ukawa supu, wakahesabu viini vya seli katika tone la supu hiyo, wakazidisha. Mwaka 2009 wakatoa jibu: seli za neva bilioni 86 hivi, si bilioni 100 kama ilivyozoeleka kusemwa. Nilicheka peke yangu. Sufuria ya supu ya kichwa nilikuwa nimeiacha motoni Kayole tangu asubuhi.

Hapo nikauliza swali ambalo, kwa kusema kweli, ndilo lililonifanya nione pesa yangu imerudi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye sherehe kule Narok, nikapewa kazi yangu ya kawaida ya kisu. Mbuzi mmoja alikuwa anazunguka upande mmoja tu, kama aliyefungwa kwenye nguzo isiyoonekana. Wenyeji wakasema ni ormilo. Nilipokipasua kichwa nikakuta mfuko wa maji mkubwa kama yai la kuku, na ndani yake vidoa vyeupe kama punje za mchele. Nikautupa nje, mbwa wakauwahi. Nikamuuliza daktari kile kilikuwa nini.

Akaweka kisu chini. Akasema kile ni kiluwiluwi cha tegu wa mbwa, na kwamba kwa kuwatupia wale mbwa nilikuwa nimewapandia tegu wapya tumboni. Watakunya mayai majanini, kondoo na mbuzi watayala, na vifuko vitarudi vichwani. Kichwa cha mnyama wa namna ile kinachomwa au kinafukiwa. Nilikaa chini kidogo. Unaweza kufanya kazi nusu ya maisha yako na ukawa hujui unachokitupa.

Sasa mwalimu wa Agano Jipya, mzee mwenye fimbo ambaye muda wote alikuwa nyuma akinywa chai, akainuka. Akasema kuna maandishi ya Wagiriki, ya waganga wa shule ya Hippocrates, ya zamani kama miaka 400 hivi kabla ya Kristo, yanayohusu kifafa. Wagiriki wa kawaida walikiita ugonjwa mtakatifu. Mwandishi yule akapinga: si mtakatifu kuliko magonjwa mengine, chanzo chake kiko ubongoni. Na ushahidi alioutoa ni mbuzi. Alisema mbuzi ndio wanaoshikwa sana, na ukikikata kichwa chao utaukuta ubongo umejaa maji na unanuka, na hapo utajua kwamba kinachousumbua mwili ni ugonjwa, si mungu.

Nilikuwa nimesimama na shoka mkononi. Kumbe kuna mtu aliyepasua kichwa kama changu, akaona kama nilichoona, miaka 2,400 iliyopita, na yeye hakuwatupia mbwa. Aliketi akafikiri.

Kutoka hapo daktari akatupeleka kwa tegu wa nguruwe, na hapa alinirekebisha mbele ya watu. Nilikuwa nimewahi kuwaambia wateja kwamba anayekula nguruwe asiyeiva ndiye anayepata vifuko ubongoni. Si hivyo. Anayekula nyama ile mbichi hupata tegu mtu mzima tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka na choo, na atakayeyameza mayai hayo, kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji au kwa mboga, ndiye vifuko humpanda ubongoni. Kwa hiyo Msabato na Mwislamu ambao hawajawahi kuonja nguruwe wanaweza kuupata kutoka kwa choo cha jirani. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi yenye mdudu huyo, yeye ndiye chanzo cha asilimia 30 ya kifafa. Mwinjilisti wa Sabato alikuwa ameanza kutabasamu, akaacha.

Alhamisi ya tatu ilikuwa ya kifafa chenyewe. Ukiweza kuhudhuria siku moja tu, hudhuria hiyo. Daktari alimlaza sista mmoja kijana sakafuni, akatufundisha: mgeuze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa, ikipita dakika tano, hospitali. Sote tulikuwa tumewahi kutia kijiko mdomoni. Mmoja alikiri aliwahi kutia ufunguo.

Halafu mzee wa fimbo akafungua Mathayo 17. Baba anamwambia Yesu mwanawe ana kifafa, "mara nyingi huanguka motoni, na mara nyingi majini." Akatuambia neno la Kigiriki alilotumia Mathayo lina mwezi ndani yake, ni kama kusema amepigwa na mwezi, maana watu wa kale walidhani mwezi ndio unaowaangusha. Marko, akisimulia mtoto huyohuyo, anasema ana pepo bubu. Watafsiri wetu wa Kiswahili wakaandika kifafa kwa Mathayo na pepo kwa Marko. Sasa wewe mchungaji, mzee akauliza, ukiletewa mtoto Jumapili, unafungua kitabu gani? Tulibishana mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Kasisi mmoja alisema pepo lilikuwa namna ya kusema tu. Mpentekoste aliyekuwa kando yangu akasema basi na Yesu naye alikuwa anasema tu? Mzee hakutupa jibu. Alisema jambo moja: katika Injili zote zinazomsimulia, mtoto yule hakuondoka akiwa ameumizwa na waliomwombea.

Nami nikanyamaza, kwa sababu mwaka 2016 kulikuwa na msichana wa miaka kumi na mmoja kanisani kwangu. Alianguka wakati wa sifa. Tulikemea hadi saa nane mchana. Mama yake aliponiambia ana vidonge vya kliniki, nilimwambia imani haichanganywi, aviache. Wiki ya tatu aliangukia jiko la makaa. Mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi vidole. Nilienda kumwona hospitalini na chupa ya mafuta ya upako mfukoni, sikuweza kuitoa. Baadaye aliacha kuanguka. Mama akatoa ushuhuda mbele ya kanisa, nami nikausimulia ushuhuda huo kwenye mikutano ya injili mitatu, nikiruka habari ya jiko. Daktari alisema dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu na kinaweza kuua. Aliisema kama anavyosema mengine yote, akageukia ubao. Mimi kalamu yangu haikuandika tena jioni ile.

Wiki ya maombi ilikuwa na mabishano mazuri. Tulionyeshwa utafiti wa Andrew Newberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wa mwaka 2006. Walichukua wanawake Wakristo watano, wakapima damu inavyotembea ubongoni wakiimba nyimbo za injili, kisha wakinena kwa lugha. Waliponena, sehemu ya mbele ya ubongo, ile tunayotumia kujiongoza na kupanga, ilipunguza kazi. Mpentekoste akasema haleluya, ndivyo tulivyosema siku zote, si mimi ninayenena. Kasisi akasema hata mlevi anaweza kupunguza kazi ya sehemu ya mbele. Mzee wa Akorino, ambaye alikuwa hajasema neno tangu wiki ya kwanza, akainua mkono na kuuliza: "Daktari, hiyo mashine inamwona Roho?"

"Inaona damu, mzee."

"Basi niko sawa," akasema, akaketi, akafunga daftari.

Nilichompendea daktari ni kwamba hakutuuzia chochote. Alitusimulia pia habari ya Michael Persinger wa Kanada na kofia yake ya sumaku iliyosemekana inamfanya mtu ahisi kuna aliye karibu naye, kisha akatuambia Waswidi walipoijaribu mwaka 2005, watu wasijue kama sumaku imewashwa au imezimwa, hawakuona tofauti. Waliohisi ni wepesi wa kuaminishwa. Na wale wanawake watano ni wachache, akasema, na picha ya ubongo haithibitishi Mungu wala haimfuti.

Wiki ya kumbukumbu nitaipita haraka, ila hili la madereva. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba madereva wa teksi wa London, ambao lazima wakariri mitaa yote, wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ile sehemu ya ubongo ya kukumbuka mambo na njia, iliyo kubwa kuliko ya watu wengine. Mwaka 2006 wakawalinganisha na madereva wa basi wa jiji hilohilo, wanaofuata njia moja kila siku, na hao wa basi hawakuwa nayo. Darasa zima tukawatetea wa matatu. Dereva wa Nairobi ana njia moja kwenye leseni tu. Barabarani ana njia kumi na mbili, kutegemea kanjo, yaani askari wa jiji, na polisi wamesimama wapi.

Sasa lawama. Ya kwanza ni ya wiki ya kwanza: saa tatu nzima za ugomvi wa Galileo, mwanasayansi wa Italia, na Papa, kwa slaidi. Nilisinzia, na sikuwa peke yangu. Augustino, mwana wa Afrika, aliyezaliwa mwaka 354 kule Thagaste katika Algeria ya leo, aliwaonya Wakristo wasiseme upuuzi kuhusu nyota na wanyama mbele ya wasioamini wanaoyajua mambo hayo, kwa maana watamcheka msemaji halafu wadharau na Kitabu. Huyo alipewa dakika mbili. Na Makumbusho ya Taifa yako hapahapa mjini, ambapo mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga namna mabaki ya watu wa kale yangeonyeshwa, akiwemo yule Mvulana wa Turkana wa takriban miaka milioni 1.5 aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Ugomvi wetu wenyewe, unaofikika kwa matatu, haukuguswa, tukaachiwa ugomvi wa Italia.

Ya pili ni wiki ya mwisho. Somo lilikuwa nafsi: je, mtu ana roho inayoweza kukaa kando na mwili, au ni mwili mtupu? Tulipewa hoja ya Nancey Murphy, mwanafalsafa wa seminari ya Fuller huko California, kwamba mtu ni mwili wote, hana kitu cha pili ndani, lakini haimaanishi yeye ni seli tu. Mzee wa fimbo akaongeza kwamba Mwanzo 2:7 haisemi mtu alitiwa nafsi. Inasema akawa nafsi hai. Hapo mimi ninayezika watu nilitaka kukaa. Mama aliyefiwa akiniuliza mtoto wake yuko wapi sasa hivi, Jumanne hii, nimjibu nini? Lakini tulikuwa tumebakiwa na dakika hamsini, kisha vyeti, kisha picha. Changu kiliandikwa jina lenye herufi mbili zisizo zangu. Waiondoe ile ya Galileo, waipe nafsi wiki mbili.

Ya tatu ndiyo kubwa. Tulisali kwa Kiswahili, tukanywa chai kwa Kiswahili, tukabishana kuhusu pepo kwa Kiswahili, lakini kila karatasi tuliyopewa ilikuwa ya Kiingereza. Nilipouliza, mratibu wa kozi akanijibu kwa upole kwamba istilahi hazipo. Hazipo? Tuna kifafa, tuna kiharusi, tuna degedege. Lugha yenye majina ya kila namna ubongo unavyomwangusha mtu haiwezi kuambiwa haina maneno ya ubongo. Na ukifungua Zaburi 16:7 utakuta "mtima wangu umenifundisha usiku." Mzee alitufunulia kwamba kwa Kiebrania pale pameandikwa figo. Figo! Mimi nazipima kila siku. Waebrania walifikiri kwa moyo, wakaonywa na figo usiku, na mtafsiri wa Kiswahili hakuandika figo wala ubongo, aliandika mtima, na bibi yeyote wa pwani angemwelewa. Somo hilo la dakika tano lilinifaa kuliko slaidi arobaini. Mimi na sista mmoja wa Machakos tukaanza kuandika orodha yetu nyuma ya daftari wakati wa chai, neno kwa neno, nini tutamwita nini tukirudi nyumbani. Tulifika maneno sitini na moja. Chuo kikiyataka, kitupigie.

Ukiwa mchungaji, nenda. Ukiwa na kanisa lenye watoto, nenda mapema. Kama Kiingereza chako ni cha kubabaisha kama changu, kaa mstari wa mbele na uulize bila aibu, daktari hachoki. Mandazi yaliyotengwa huwa yamepoa, beba chako.

Jumapili iliyofuata nilihubiri Mathayo 17 kwa orodha ile ya daftari. Niliwaeleza seli zinavyopelekeana umeme, na umeme ukizidi mipaka mtu anaanguka, kama stima ya mtaa wetu inavyoruka watu wakiwasha vyote kwa pamoja. Nikawaambia vidonge na maombi vinaweza kulala kwenye mkoba mmoja. Nikataja jiko la makaa. Kuna walioinamisha vichwa.

Jumanne yake mama wa yule msichana akaja bucha. Alihama kanisa letu mwaka 2019, anauza sukuma karibu na Masimba. "Mchungaji, nasikia umehubiri kifafa."

Nikamwomba msamaha pale pale, na wateja wawili kwenye foleni. Alinisikiliza. Akasema binti yake sasa yuko chuo, anasomea ushonaji, hajaanguka muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba vidonge alimrudishia wiki ileile ya moto. Hata siku aliyotoa ushuhuda, vilikuwa kwenye mkoba wake, chini ya Biblia. "Ningekwambiaje, mchungaji? Ulikuwa umefurahi."

Halafu akaomba nusu kilo ya mbuzi, akasogea karibu, akasimama kutazama mzani.